Dar es Salaam ni mji wa kupita au mji wa kukaa? Maoni yangu baada ya miaka kumi na minane na vyumba vinne

Mleta uzi

Salaam kwenu nyote. Nilishuka Ubungo alfajiri moja ya Agosti 2006 nikiwa na begi moja na nusu gunia la mahindi ambayo mama alisisitiza nimpelekee mjomba, na nilikuwa na hakika kwamba nitakaa Dar es Salaam miaka miwili tu, nipate mtaji, kisha nirudi Songea nikafungue duka la vifaa vya ujenzi. Miaka miwili hiyo imezaa kumi na minane, na duka sijalifungua. Hata hivyo nikiulizwa kwetu ni wapi najibu Songea bila kufikiri, na mwanangu aliyezaliwa Mwananyamala, ambaye Songea ameiona mara mbili, naye tumemfundisha kujibu hivyo hivyo.

Kauli inayonisumbua ni ile ambayo sote tumewahi kuitamka, kwamba Dar ni mji wa kupita: kila mtu amekuja kutafuta, akipata anajenga kwao, akikosa anarudi kwao, na akifa anasafirishwa. Nadhani kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Nusu ya pili hatuioni kwa sababu ya kitu kidogo sana, nacho ni kodi ya chumba.

Chumba changu cha kwanza kilikuwa Magomeni, katika nyumba ya Kiswahili ya kawaida: vyumba sita, vitatu kila upande wa korido, baraza la saruji linalotazama barabara, na mlango wa nyuma unaotokea uwani kwenye bomba, jiko lililogeuzwa stoo, na choo kimoja cha wapangaji wote. Mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ilikuwa moja. Kwa miaka mitatu niliyokaa pale, kipande cha boksi kilichobandikwa chini ya mita kilionesha zamu za kununua umeme, na haikupita wiki bila mtu kumshutumu mwenzake kwamba amepiga pasi mashati ya ofisi nzima. Nilizichukia kelele zile. Sasa naelewa kwamba ndizo zilizotufahamisha, kwa sababu huwezi kugombana na mtu juu ya yuniti tano bila kujua anarudi kazini saa ngapi, mtoto wake anaumwa nini, na kwa nini mwezi huu mfuko wake umetoboka.

Chumba cha mbele kilikuwa cha mama mmoja muuza vitumbua, ambaye pia alikuwa kijumbe, yaani msimamizi, wa mchezo wa watu kumi, ambapo kila wiki wote wanachanga na mmoja anapokea kwa zamu. Nilipoomba kuingia, aliniweka wa mwisho kupokea, na akasema mbele ya wote kwamba kijana huyu bado mgeni, akipewa mapema atatukimbia. Nilikasirika, lakini nililipa kila wiki. Mzunguko wa pili aliniweka namba nne. Nina cheti cha chuo ukutani, na naapa hakijawahi kunipa heshima niliyoipata kwa ile namba nne.

Kisha nyumba ikauzwa, tukapewa miezi mitatu. Nikaenda Sinza, baadaye Tabata, na sasa niko Kimara. Kila mahali nimelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, juu yake nimempa dalali kodi ya mwezi mmoja, na kila mahali nimeanza upya nikiwa yule wa mwisho kwenye orodha. Sinza nilihama baada ya miezi kumi na minane kwa sababu mwenye nyumba alipandisha kodi wiki ileile mtaa ulipowekewa lami. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kuitwa kwa jina pale dukani.

Tukumbuke pia kwamba wazo la kupita hatukulibuni sisi. Serikali ya kikoloni ilimwona Mwafrika mjini kama mfanyakazi wa muda, ikampangia mshahara wa mtu mseja, na asiye na kazi ikamrudisha alikotoka. Tulipopata Uhuru hatukuliacha wazo hilo moja kwa moja. Mwaka 1983 ilitungwa sheria ya Nguvu Kazi, na wazee wetu wengi wanakumbuka namna watu walivyokamatwa barabarani kwa kukosa kitambulisho cha kazi na kupakiwa kwenye magari kupelekwa mashambani. Mji ambao mwaka 1967 ulikuwa na watu takriban 273,000 ulihesabiwa mwaka 2022 ukiwa na watu 5,383,728. Mji haukuwa hivyo kwa watu kupita. Watu walikaa, ila walikaa wakiwa wameambiwa na wakubwa, na hata na wazazi wao, kwamba wanapita.

Sasa nifikie kilichonifanya niandike. Mwaka 2019 baba aliletwa Dar kwa matibabu, akafariki kwangu Tabata baada ya wiki tatu. Nilikuwa na miezi saba tu katika nyumba ile, na nilimwambia mke wangu kwamba tutalia peke yetu. Kufika saa nne asubuhi turubai lilikuwa limefungwa, viti vimepangwa, na mjumbe amekwisha kufungua daftari la rambirambi, daftari la shule la kurasa 96 lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Majirani wa Tabata walikuja kwa sababu ndiyo ada. Lakini mchana waliingia watu wa Magomeni, ambao wengine sikuwa nimewaona kwa miaka kumi. Mama wa vitumbua alifika na sufuria mbili na mbuzi ya kukunia nazi, akaingia jikoni bila kuuliza jikoni ni wapi. Jioni ya siku ya tatu, mwili ulipokuwa unaondoka kwa safari ya zaidi ya kilomita 900, Mhehe mmoja nisiyemfahamu hata kwa jina alilala mbele ya gari akakataa kuamka mpaka Wangoni tulipe, kwa kuwa sisi ni watani wake na hakuna Mngoni atakayepita Iringa bure. Nilicheka huku machozi yananitoka. Tulimlipa elfu mbili, akadai risiti.

Daftari lile ninalo. Lina majina 143. Hoja yangu ni kwamba jamii ya kudumu ipo Dar es Salaam, na ni imara kuliko tunavyokiri, ila haikai mtaani kama ilivyo kijijini. Inakaa kwenye orodha: ya mchezo, ya msiba, ya jumuiya, ya kijiwe. Mtu huchukua miaka miwili au mitatu kuandikwa kwenye orodha hizo, na ndiyo muda ambao kodi huwa imekwisha kumhamisha. Wenzangu mnaonaje?

Mzaliwa wa Gerezani

Ndugu mleta uzi, nimekusoma mpaka mwisho na nakupa pole ya mzee, ingawa ni ya kuchelewa. Naomba hata hivyo nikusahihishe unaposema kila mtu amekuja. Sultani Majid alipoanza kujenga hapa katika miaka ya 1860, Mzizima ilikuwepo, na Wazaramo na Washomvi walikuwepo. Bibi yangu hakuja. Ninapoulizwa "kwenu wapi" nikajibu Kariakoo, muulizaji huongeza "hapana, kwenu hasa," kana kwamba nimeficha kitu. Swali hilo linatuudhi sisi wenyeji kuliko mnavyojua.

Kuhusu kodi nakuunga mkono, ila nitaongeza kwamba hata mwenye nyumba huhamishwa. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita kama hiyo uliyoieleza, na nadhani robo ya watu waliozeeka nikiwafahamu waliwahi kupanga kwa bibi. Alipofariki mwaka 2003 warithi walikuwa wanane, na mnunuzi alikuja na fedha taslimu kabla ya arobaini. Leo pale pana ghorofa saba, chini maduka ya simu, na sisi tumetawanyika Mbagala, Chanika na Gongo la Mboto. Nikipita pale siwezi hata kuonesha mlango ulikuwa wapi. Kitu pekee kilichobaki ni mwembe uliokuwa wa jirani, na huo nao umekatwa matawi upande mmoja kwa ajili ya nyaya.

Lakini sikiliza. Sala ya Idi tunakuja kuisali msikiti uleule. Baba yangu ni Yanga tangu utotoni, na tawi lake lina wanachama ambao hakuna hata mmoja anayelala Kariakoo siku hizi. Klabu ile ni ya mwaka 1935 na wenzao wa Msimbazi, yaani Simba, ni wa 1936, kwa hiyo zimeishi kuliko nyumba karibu zote zilizozizunguka. Mwanachama akifiwa, tawi linakodi basi. Tatizo ninaloliona ni kwa wadogo zangu. Wao wanaipenda Yanga kwenye simu, na siku ya msiba wanatuma fedha kwa simu. Fedha inafika, ni kweli, na hatujawahi kuikataa, ila kaburi halichimbwi kwa muamala.

Jirani wa ghorofa ya nne

Kaka zangu, mnazungumza vizuri, lakini naona mmesahau kuuliza jamii hiyo inamgharimu nani. Katika simulizi yako, mleta uzi, wanaume wamefunga turubai, wameandika daftari, wamefanya utani mbele ya gari. Mama wa vitumbua ameacha biashara yake ya siku tatu na kuingia jikoni. Nakuomba ukimwona umuulize alipoteza kiasi gani.

Mimi nilikuja Dar kutoka Kagera ili nisijulikane. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, nimeachika, na kijijini kwetu kila bibi alikuwa na maoni juu ya jambo hilo. Nilipanga chumba Manzese katika nyumba kama zenu, na baada ya wiki mbili korido nzima ilijua nani amenitembelea na ametoka saa ngapi. Mwanamume akirudi usiku wa manane anaitwa mpambanaji. Mimi niliyekuwa narudi saa sita kutoka kazini hotelini nilipewa jina ambalo sitaliandika hapa. Mwenye nyumba aliniambia niondoke kwa kuwa nawaharibia watoto wake. Kwa hiyo nilipopata kazi nzuri zaidi nilipanga fleti yenye mlinzi getini, ngazi kavu, na majirani wanaosalimia kwa kuinamisha kichwa, na nilipofunga mlango ule kwa mara ya kwanza nilikaa chini sakafuni nikashukuru. Mji wa kupita, kaka yangu, kwa baadhi yetu ni wokovu.

Nitakiri jambo moja, kwa kuwa tunazungumza kwa haki. Mwaka juzi nilianguka bafuni nikavunjika mkono, na nilikaa chini dakika nyingi nikifikiria nani wa kumpigia. Namba ya jirani wa mlango wa pili sikuwa nayo. Nilimpigia mlinzi. Tangu siku hiyo mimi, mlinzi, na dada wa mlango wa pili tuna kundi letu la simu la watu watatu, na limekua mpaka sasa lina fleti kumi na moja. Hatuingiliani vyumbani. Tunaulizana "umeamka?" basi. Sijui kama hilo mnaliita jamii. Mimi linanitosha.

Mwana Kota

Salaam. Nina jambo la kuongeza kuhusu orodha, maana sisi wa Magomeni Kota tumeishi kwa orodha takriban miaka kumi.

Kwa wasiojua, Kota zilikuwa nyumba za zamani za serikali pale Magomeni, na kaya 644 tulitakiwa kuondoka ili zibomolewe, tukiahidiwa kwamba patajengwa upya na tutarudishwa. Zikabomolewa. Miaka ikapita uwanja ukiwa mtupu, majani yanaota, watoto wa mitaa jirani wanacheza mpira palipokuwa sebule zetu. Kila kaya ilikwenda kupanga ilikoweza. Kwa hesabu ya kawaida, na kwa hoja ya mleta uzi ya kwamba kodi huvunja ujirani, tulipaswa kuwa tumekwisha kusahauliana.

Haikuwa hivyo. Tulikuwa na kamati, na kamati ilikuwa na majina 644. Mikutano ilifanyika juani. Mtu akifariki jina la mrithi wake liliandikwa mbele ya mashahidi, kwa sababu asiyejulikana na majirani wa zamani hakuwa na namna ya kuthibitisha kwamba alikuwa mkazi. Ndipo nilipoelewa kwamba hati yangu ya kweli ilikuwa kumbukumbu ya jirani: kwamba mama fulani anaweza kusimama na kusema, huyu ni mtoto wa nyumba ya kona, mama yake alikuwa nesi, mbwa wao alining'ata. Mwaka 2016 Rais Magufuli alitoa ahadi kwamba majengo yatajengwa, na Machi 2022 Rais Samia aliyazindua. Tulirudi. Baadhi ya wazee wetu walikuwa wamefariki katika nyumba za kupanga, na hilo hatulisahau.

Sasa tuko ghorofani. Dada wa ghorofa ya nne amesema kweli kuhusu milango kufungwa, na sisi pia tumeanza kuifunga. Lakini kule chini, kwenye ngazi ya kuingilia, wazee wameshusha viti vya plastiki na bao. Mwanzoni waliambiwa wanazuia njia. Wakasogeza viti hatua mbili, na wapo mpaka leo.

Mkazi wa Buruburu

Mabibi na mabwana, nawasalimu kutoka Nairobi. Swali lenu sisi tulilipeleka mahakamani. Wakili S. M. Otieno alifariki Nairobi mwezi Desemba 1986 akiwa ameishi mjini sehemu kubwa ya maisha yake. Mjane wake, Wambui, alitaka azikwe Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mwili ulikaa zaidi ya miezi mitano bila kuzikwa huku kesi ikisikilizwa, na mwishowe ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga mwezi Mei 1987. Nilikuwa kijana wa shule, na nakumbuka watu wazima wakisukumana kupata gazeti.

Nilichojifunza wakati ule ni tofauti ambayo majirani zetu Wajaluo huifanya kati ya nyumba ya kulala na boma, yaani dala. Unaweza kumiliki nyumba Nairobi, uilipie mkopo wa benki miaka ishirini, na bado isihesabiwe kuwa dala. Hapa kwetu Buruburu nina majirani ambao tumezeeka pamoja, tumelea watoto pamoja, na tumechangiana karo. Mmoja wao akifariki tunafanya mikutano ya mazishi kila jioni, kisha tunapanda matatu ya kukodi kwenda ushago, yaani kijijini kwao, tunazika, tunarudi siku hiyohiyo. Huko tunawaacha na watu waliowaona kila Desemba. Sisi tuliowaona kila siku tunakuwa wageni kwenye kaburi. Sikatai desturi hiyo. Mimi mwenyewe nimesema nipelekwe ushago. Lakini nikimwambia jirani yangu hivyo, huwa natazama pembeni.

Mleta uzi

Nawashukuru wote. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza kufanya alichoniagiza dada wa ghorofa ya nne.

Jumamosi nilikwenda Magomeni. Mama wa vitumbua amehamia kwa binti yake Mburahati, anatembea kwa fimbo, na mikono yake bado ina alama za mafuta ya moto. Nilimuuliza alipoteza kiasi gani siku zile tatu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa umri. Akasema unga alikuwa amekwisha kuuloweka, ukachacha, akaumwaga, na kwamba wiki ile alikopa ili alipe mchezo, kwa kuwa kijumbe hawezi kukosa kulipa mchezo wake mwenyewe. Katika daftari langu jina lake lina alama ya mstari tu, kwa maana hakutoa fedha. Dada, umenishinda kwa hoja hiyo. Suala la Manzese nalo silipingi. Nyumba ile niliyoisifia ilikuwa na msichana mmoja chumba cha tano, na sasa ninapojaribu kukumbuka tulivyomsema, naona ni afadhali nisiendelee.

Ndugu wa Gerezani, umenikumbusha jambo ambalo nyumbani kwangu tumelibadilisha jana. Mwanangu ameambiwa ajibu anavyotaka. Akasema kwao ni Kimara Korogwe, kituo cha mwendokasi, mkono wa kushoto. Mama yake hakufurahi sana.

Kwa mzee wa Buruburu sina jibu. Baba yupo Songea, na siwezi kusema mimi niwekwe kwingine.

Nimelipitia upya lile daftari, jina kwa jina, kwa kalamu nyekundu. Kati ya majina 143, thelathini na mawili siwafahamu kabisa, na tisa wamefariki. Waliofiwa tangu mwaka 2019, kwa ninaowajua, ni ishirini na sita, na misiba niliyohudhuria ni kumi na tano. Nimebakiwa na kumi na mmoja. Wa kwanza alifiwa na mkewe miaka miwili iliyopita, na anaishi Gongo la Mboto, mwisho wa lami, karibu na mashine ya kusaga. Nitakwenda Jumapili baada ya ibada. Mke wangu anauliza mtu anaingiaje msibani miaka miwili baadaye na anasema nini mlangoni, nami nimemwambia nitabeba sukari kilo mbili, na maneno yatajipa huko huko.